Mteja hajafika leo, nani kajua? Kinachoifanya taasisi ya afya ya akili na tabia isimame imara

Kila siku naona watu wanabishana kuhusu hivi vituo vya afya ya akili na uraibu. Huyu anasema vinasaidia, yule anasema ni biashara tu, mwingine anauliza nataka kufungua cha kwangu nianzie wapi, na majibu yanakuja yale yale, tafuta nyumba kubwa, tafuta daktari, tafuta wafadhili, basi. Nimesoma majibu ya aina hiyo mengi mno na kila nikiyasoma naona kitu cha muhimu zaidi hakitajwi kabisa. Ngoja nieleze taratibu tuanzie mwanzo, maana hata jina lenyewe linawachanganya watu.

Ukisema tabia kwa Kiswahili mtu anasikia adabu. Fulani ana tabia nzuri, fulani tabia yake mbovu. Kwa hiyo akisikia taasisi ya afya ya tabia anadhani ni sehemu ya kunyoosha vijana watukutu, na hapo unyanyapaa umeshaingia kabla hata mlango haujafunguliwa. Hapa tabia maana yake ni yale mtu anayoyafanya kila siku na yanayogusa afya yake, anavyolala, anavyokunywa, anavyokula, anavyopambana na hofu au huzuni au hasira. Ndani ya kapu hilo kuna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni magonjwa ya akili kama sonona (huzuni nzito isiyoondoka), wasiwasi uliopitiliza, baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), skizofrenia (kama kusikia sauti zisizokuwepo). Cha pili ni uraibu, uwe wa pombe, wa dawa za kulevya au wa kamari. Vimewekwa kapu moja kwa sababu mara nyingi vinakuja kwa mtu mmoja, unakuta mtu anakunywa ili apate usingizi, usingizi unaharibika zaidi, huzuni inazidi, anakunywa tena, sasa ukimtibu pombe peke yake bila kugusa huzuni umefagia maji na bomba bado liko wazi.

Na si watu wachache. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 karibu watu milioni 970 duniani walikuwa wanaishi na tatizo la afya ya akili, yaani mtu 1 kati ya 8. Halafu nchi nyingi bajeti ya afya ikigawanywa afya ya akili inapata kama asilimia 2 hivi. Hilo pengo ndo linazibwa na hizi taasisi tunazozungumzia, kliniki ndogo, nyumba za kurekebisha waraibu, laini za simu za ushauri, vikundi vya wenyewe kwa wenyewe. Ndo maana inaniuma sana zikianzishwa kiholela.

Sasa tofauti yake na kituo kingine cha afya ni ipi? Chukua mtu aliyevunjika mguu. Anafungwa plasta, anaambiwa rudi baada ya wiki kadhaa, anaondoka. Mfupa unaunga wenyewe hata kama daktari alikuwa na kisirani, hata kama mgonjwa hampendi, plasta inafanya kazi usiku na mchana amelala. Kwa mtu mwenye sonona hakuna plasta. Sehemu kubwa ya tiba ni yeye kurudi, kukaa, kusema, kujaribu jambo dogo nyumbani, kurudi tena. Asiporudi hakuna tiba, hata uwe na madaktari 10. Na kitu ambacho watu hawakifikirii ni kwamba ugonjwa wenyewe ndo unamzuia kurudi. Sonona inamwambia hakuna maana, lala. Wasiwasi unamwambia ukipanda lile basi utazimia mbele za watu. Uraibu unamwambia leo uko vizuri, mara moja tu haina shida. Mgonjwa wa mguu akikosa kliniki huenda amesahau au amebanwa na kazi, lakini huyu wa kwetu akikosa, kukosa kwake kunaweza kuwa ndo dalili yenyewe.

Kwa hiyo mimi nikitaka kujua kama taasisi ni nzuri siangalii jengo. Nauliza swali moja, mteja alitakiwa afike leo saa 4 na hajafika, nani kajua? Na akishajua anafanya nini kabla jua halijazama?

Nina sababu ya kuling'ang'ania hili swali. Mdogo wangu alikuwa anahudhuria kituo kimoja, siku moja akaacha kwenda, wiki 3 nzima, sisi nyumbani hatukujua maana alikuwa anatoka asubuhi kama kawaida. Mtu wa kwanza kupiga simu kutoka kituoni alikuwa mtu wa malipo, anauliza salio. Hakuuliza yuko wapi. Mdogo wangu yuko salama leo namshukuru Mungu, lakini ile simu sijaisahau.

Kuna kisa ambacho Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, amekisimulia hadharani mara nyingi. Alikuwa na mgonjwa wake, msichana mwenye sonona, akajiua. Alipomuuliza mama yake mbona hamkuja hospitali, jibu lilikuwa hawakuwa na nauli ya basi. Nauli tu. Daktari yupo, dawa zipo, hospitali ipo, mgonjwa hakufika. Chibanda anasema jambo hilo ndilo lililomfanya aache kusubiri watu wamfuate hospitalini, na mwaka 2006 wakaanzisha kitu kinaitwa Friendship Bench, benchi la urafiki, huko Harare. Benchi la mbao liko nje ya zahanati ya mtaani, limekaliwa na bibi, mwanamke mtu mzima wa mtaa huo huo aliyefundishwa namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kulipasua tatizo lake vipande vipande, aanze na kipande kimoja. Hawakutumia neno la kitabibu, walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, kwa sababu hilo ndo neno watu walikuwa wanalo tayari na hakuna anayeona aibu kulitamka. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulifuatilia watu walioanza wakiwa 573 kwenye zahanati 24, na baada ya miezi 6 waliokaa na bibi walikuwa na dalili za sonona asilimia 14 hivi, wakati wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo walikuwa karibu asilimia 50.

Watu wakisikia hiyo habari wanachukua fundisho lisilo sahihi, wanasema kumbe mtu yeyote mwenye roho nzuri anaweza. Hapana. Wale bibi walipewa mafunzo, walikuwa na dodoso la kupima hali ya mtu, walikuwa na idadi ya vikao inayojulikana, walikuwa na mtu juu yao wa kumuuliza, na walijua mteja wa namna gani wampeleke mbele haraka bila kuendelea naye. Roho nzuri ilikuwepo, lakini ilikuwa imezungukwa na utaratibu. Roho nzuri bila utaratibu inachoka ndani ya miezi michache na inaanza kupiga watu kelele.

Mfano mwingine wa hili la kufuatilia naupenda sana kwa sababu ni rahisi mno. San Francisco, Marekani, kuanzia mwaka 1969, daktari Jerome Motto alichukua watu 843 waliotoka hospitali baada ya sonona kali au jaribio la kujiua, ambao walikataa kuendelea na matibabu. Nusu wakaachwa kama kawaida. Nusu nyingine wakawa wanaandikiwa barua fupi, mistari miwili mitatu, ya kusema tu tunakukumbuka, tunatumaini uko salama, ukitaka kutuandikia tutafurahi. Haidai chochote, haimwambii aje kliniki. Mwanzoni kila mwezi, halafu zinaachana, jumla barua 24 kwa miaka 5. Wale walioandikiwa walijiua wachache zaidi, hasa katika miaka 2 ya mwanzo ambayo ndo ya hatari kubwa. Fikiria hilo. Karatasi, bahasha na mtu mmoja mwenye orodha ambaye hasahau.

Sasa ukisema taasisi iwe na sifa ya kufuatilia, watu wanaitikia ndiyo ndiyo, halafu hawaweki kitu. Inatakiwa iwe kwenye ratiba ya mtu mwenye jina. Kila mteja ana mtu wake, mtu huyo ana orodha, asubuhi anaangalia nani anakuja, jioni anaangalia nani hakuja, anapiga simu siku hiyo hiyo, na simu yenyewe haianzi na mbona hukuja, inaanza na habari yako, umeamkaje. Na huyo mtu akiwa likizo kuna mwingine anashika orodha yake. Vituo vingi vinaanguka kwenye hiyo likizo tu. Na wakati wa kumpokea mteja mara ya kwanza unamuuliza mapema, ukipotea tukutafute vipi, tumpigie nani, nani hutaki ajue, na unaandika.

Haya, sifa nyingine ni kujua nani unamuweza na nani humuwezi. Hapa watu wanakufa, kwa hiyo nisomwe vizuri.

Kuna imani kwamba mraibu dawa yake ni kufungiwa ndani mpaka arosto imwishe. Arosto ni yale mateso yanayompata mtu akiacha ghafla kitu ambacho mwili umekizoea. Sasa arosto hazifanani. Ya heroini inatesa kweli kweli, mtu anatapika, anaharisha, anatetemeka, anaona kama anakufa, ila mara nyingi yenyewe haiui mtu mzima mwenye afya kama anapata maji na uangalizi. Ya pombe ndo inaweza kuua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2 za kwanza, na siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, homa kali, mapigo ya moyo juu, kuona vitu visivyokuwepo, na bila hospitali anaweza kupoteza maisha. Dawa za usingizi za jamii ya valiamu ni hivyo hivyo. Sasa wewe una nyumba, godoro na mlinzi, na umempokea mnywaji wa miaka 20 usiku wa Ijumaa, humpimi presha, huna muuguzi, huna gari. Anaonekana mkorofi, anapiga kelele, mnamfunga. Hapo hamna taasisi. Taasisi inayojielewa ingemwangalia mlangoni ikasema huyu aanzie hospitali, sisi tutamfuata huko kesho na tutampokea akitoka. Kukataa kwa namna hiyo ni sehemu ya huduma, tena ni sehemu ngumu kwa sababu unakataa pesa na ndugu wanalia mbele yako.

Imani ya pili inafanana na hiyo, kwamba akishatolewa sumu mwilini amepona. Kusafisha mwili ni kama kutoa maji kwenye mtumbwi uliotoboka, lazima utoe lakini tundu bado lipo. Na kwa watumiaji wa heroini na jamii yake kuna hatari ambayo familia nyingi hazijui. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila dawa hizo za kulevya uvumilivu wake unashuka. Akitoka akarudia kile kipimo alichokuwa anatumia zamani, mwili haukiwezi tena, anaacha kupumua. Kwa hiyo wiki za mwanzo baada ya kutoka rihabu au gerezani ndo za hatari kuliko alivyokuwa mtaani. Kituo kinachomaliza siku 28 au siku 90 na kumpigia mtu makofi mlangoni bila kumwambia hili, bila kumuunganisha na methadoni au buprenofini, dawa za hospitali za kutibu uraibu wa heroini, kama inamfaa, bila kumpangia nani atamuona wiki hiyo hiyo, kimemsukuma kwenye shimo huku kikitabasamu. Nasema kwa ukali kwa sababu makosa haya yanazuilika kabisa.

Na akirudia kutumia je? Watu wanasema ameshindwa, au kituo kimeshindwa. Presha inapanda tena kwa watu wengi wanaotumia dawa za presha, pumu inarudi, na hatusemi mgonjwa hana nia. Taasisi ya uraibu inayofukuza mtu kwa sababu amerudia ni sawa na kliniki ya kisukari inayomfukuza mtu kwa sababu sukari imepanda. Kuna mipaka ndiyo, huwezi kuruhusu mtu auze dawa ndani, lakini mpaka unaandikwa mapema, unajulikana kwa wote, na hata anayetolewa anaambiwa aende wapi leo usiku.

Tuje kwa wafanyakazi maana hapa ndo kuna mabishano mengi. Wengine wanasema lazima wote wawe na digrii, wengine wanasema aliyewahi kuwa mraibu ndo mshauri bora kwa sababu amepita huko. Mi naona pande zote zimeshika kipande. Mtu aliyepita njia anafungua mlango ambao profesa hawezi kuufungua. Wale walevi wawili waliokutana Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935 wakaanzisha Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi kusaidiana kuacha pombe, walithibitisha hilo, mlevi anamsikia mlevi mwenzake. Lakini kupona kwako si mafunzo. Unajua njia moja, yako, na mteja anayekuja anaweza kuwa na sauti kichwani ambazo wewe hukuwahi kuwa nazo. Anahitaji mafunzo kama mwingine yeyote, anahitaji mshahara kama mwingine yeyote, na anahitaji ulinzi zaidi kwa sababu kila siku anakaa karibu na kitu kilichowahi kumuangusha. Nimeona vituo vinawatumia hawa watu bure kabisa vikisema wanajitolea. Hilo si sawa.

Na kwa wote, wenye digrii na wasio nayo, lazima pawe na msimamizi wa kitaalamu. Simaanishi bosi wa kuangalia umefika saa ngapi. Namaanisha mtu ambaye kila wiki au kila wiki mbili unakaa naye, unamwambia mteja fulani ananitia hofu, fulani namkwepa, fulani nimeanza kumpenda kuliko inavyofaa, na anakusaidia. Bila huyo mtu mshauri anabeba maneno ya watu mpaka analala nayo.

Neno bernauti (burnout), yaani kuungua kazini, ambalo siku hizi kila mtu analitumia akichoka kidogo, lilianza kujulikana kitaalamu mwaka 1974 kupitia mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, na hakulitoa kiwandani wala benki, alilitoa kwenye kliniki ya bure New York alikokuwa anahudumia watumiaji wa dawa za kulevya pamoja na watu wa kujitolea. Yaani kule kuungua kazini kulianza kujulikana kwa kuangalia kazi hii hii. Baadaye mwanasaikolojia Christina Maslach akaonyesha kuna vitu vitatu, unaishiwa nguvu, unaanza kumuona mteja kama mzigo au namba, na unaona hakuna unachofanikisha kazini. Hicho cha pili ndo kinachomfikia mteja. Anaingia anakuta mtu anaangalia saa. Hatarudi, na tumeshasema asiporudi hakuna tiba. Ndo maana idadi ya wateja kwa kila mshauri na zamu za usiku ni mambo ya tiba, wala si ya utawala peke yake. Mkurugenzi anayempa mshauri mmoja wateja wa washauri watatu anaokoa pesa mwezi huu na anapoteza wateja na mshauri mwenyewe kabla mwaka haujaisha, na kila mshauri akiondoka kuna wateja wanaoambiwa anza upya, simulia tena yale yote kwa mtu mpya. Wengi hawasimulii mara ya pili.

Kuna wanaosema mambo ya akili hayapimiki, huwezi kupima huzuni kama joto. Unaweza kupima vizuri tu kiasi cha kukusaidia. Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali 9 tu, wiki 2 zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa hamu, kukosa usingizi, kuona bora ufe, kila swali alama 0 mpaka 3, mwisho unapata namba kati ya 0 na 27, ikiwa kubwa zaidi hali ni mbaya zaidi. Halimjui mtu wala haliwezi kumtibu peke yake, ila likirudiwa linaonyesha anapanda au anashuka. England walipoanza mpango wao mkubwa wa tiba ya mazungumzo mwaka 2008 waliweka sharti la kupima kila kikao, sio mwanzo na mwisho. Kwa nini kila kikao? Kwa sababu wanaoacha katikati hawafiki mwisho, na ukipima waliofika mwisho tu unawapima wale wanaoendelea vizuri. Ni kama mwalimu anayetoa wastani wa darasa kwa kuhesabu waliobaki na kuwaacha waliotoroka shule. Ukiona kituo kinajisifu asilimia 90 ya wahitimu wetu wamepona, uliza walioingia walikuwa wangapi. Uliza kwa upole lakini usiondoke bila jibu.

Na hizo namba wapewe washauri wenyewe kwanza, alama za mteja hazishuki wiki 4 mfululizo basi tubadilishe kitu. Zikienda kwa wafadhili peke yake zinakuwa mapambo.

Kuna swali moja kwenye dodoso linalowatisha watu, lile la kujiua. Wengi wanaamini ukimuuliza mtu umefikiria kujiua unampa wazo. Si kweli, tafiti hazionyeshi hivyo, na wengi wanaona nafuu kwa kupata nafasi ya kusema. Taasisi inatakiwa iulize, wote waulize kwa maneno ya wazi, na ijue cha kufanya jibu likiwa ndiyo, kukaa naye, kuandika naye mpango wa usalama, kuondoa karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, kumpigia kesho yake. Mfumo wa hospitali wa Henry Ford huko Detroit, Marekani, mwaka 2001 walijiwekea lengo ambalo wengine waliliona la ajabu, wagonjwa wetu wasijiue hata mmoja. Si asilimia fulani, hata mmoja. Kwa sababu ya lengo hilo wakaanza kupitia kila mlango ambao mgonjwa anaweza kupotelea, miadi, simu, ruhusa ya kutoka, na vifo vya kujiua kwa wagonjwa wao vikapungua kwa takriban asilimia 75 katika miaka ya mwanzo. Mi nachukua hapo kitu kimoja, kwamba walipokufa watu hawakutafuta mshauri wa kumlaumu, walitafuta tundu kwenye utaratibu.

Siri nayo. Kila mtu anajua siri ya mteja ni muhimu, lakini wanafikiria umbea tu. Siku hizi siri inakaa kwenye kompyuta. Mwaka 2020 Ufini kampuni ya tiba ya mazungumzo iitwayo Vastaamo ilijikuta rekodi za wateja zaidi ya 30,000 zimeibiwa, mambo waliyomwambia mtaalamu wakiwa peke yao chumbani, na mwizi akawaandikia wateja wenyewe mmoja mmoja akidai pesa. Mwaka uliofuata kampuni ikafilisika. Kwa hiyo nani anafungua faili, kwa nywila gani, na je yale maelezo marefu kweli yanahitaji kuandikwa yote, ni maswali ya siku ya kwanza. Ila pia siri ina mpaka, na mteja aambiwe mpaka huo kikao cha kwanza kabla hajasema lolote, kwamba ikionekana uhai wake au wa mwingine uko hatarini hatutakaa kimya. Ukimwambia baadaye ataona umemsaliti.

Pesa nitaisema kwa ufupi ingawa ndo inayoua taasisi nyingi. Namna unavyolipwa inakufundisha tabia bila wewe kujua. Ukilipwa kwa kitanda, utapenda vitanda vijae na mtu akae hata kama angeweza kutibiwa akiwa nyumbani kwake. Ukilipwa kwa kila anayeingia, kuna siku utafurahi aliyetoka akirudi. Marekani ilifika mahali madalali wanalipwa kupeleka waraibu kwenye vituo, mtu anazungushwa kituo hadi kituo, mpaka ikabidi mwaka 2018 sheria ya nchi nzima ipige marufuku hizo kamisheni. Na nchi hiyo hiyo mwaka 1963 Rais Kennedy alisaini sheria ya kuhamisha huduma kutoka hospitali kubwa za akili kwenda vituo vya karibu na watu, wazo zuri kabisa, hospitali zikamwaga watu lakini vituo vingi vilivyopangwa havikujengwa na pesa haikuwafuata wagonjwa, wengi wakaishia mtaani na magerezani. Kwa hiyo usianzishe huduma ambayo pesa yake ni ya miezi 6 tu ukampa mtu aliye na skizofrenia ahadi ya miaka.

Mwisho ni mwanzilishi mwenyewe. Hizi taasisi nyingi zinaanzishwa na mtu mwenye jeraha, alipoteza ndugu, au yeye mwenyewe alipona, na hilo linampa moto ambao huwezi kuununua. Lakini moto huo huo unafanya asiambiwe amekosea. Kila uamuzi kwake, kila funguo kwake, mteja akilalamika analalamika kwa nani? Bodi iwe na watu wanaoweza kumkatalia, na angalau wawili wawe wamewahi kuwa wateja. Pawe na njia ya malalamiko isiyopita ofisini kwake, hasa kwenye vituo vya kulala, maana huko ndo watu wanapigwa, wanafungwa minyororo, wananyimwa simu, na ndugu wanaambiwa ni sehemu ya tiba. Si sehemu ya tiba.

Na tangu mwaka wa kwanza, wakati kila kitu kinaenda vizuri, mwanzilishi akae na wenzake waandike karatasi ya siku ambayo taasisi itafungwa. Wateja wataenda wapi, mafaili atayashika nani, yule anayekunywa dawa kila siku ataipata wapi Jumatatu inayofuata. Na pembeni ya kila jina la mteja pawe na jina la mtu atakayempigia simu kujua kama kafika.